Hamieni Git, Lakini Msihamie kwa Landilodi

Wasee, leo sina riviu ya simu wala ya laptopu za mtumba. Leo nina maneno na watu wa programu huria, wale wanaoandika msimbo bila malipo halafu dunia nzima inautumia, pamoja na mimi na wewe. Kuna kitu wanafanya kila mara mradi mkubwa unapojiandaa kubadilisha mfumo wa kusimamia matoleo, na kinaniudhi. Wanabishana miezi, wakati mwingine miaka, kuhusu swali rahisi. Swali gumu linapitishwa haraka haraka mwishoni, kama mswada unaosomwa bungeni saa nne usiku wabunge wakitafuta funguo za gari.

Swali rahisi ni: tutumie chombo gani? Swali gumu ni: tutakiweka nyumbani kwa nani?

Kwa wale hawaandiki programu, msitoroke. Si umewahi kuandika kazi ya chuo ukawa na faili inaitwa insha_mwisho, ingine insha_mwisho_kabisa, na ingine insha_mwisho_kabisa_hii_ndiyo? Sasa fikiria watu mia tano wako nchi tofauti na wote wanaandika insha moja. Mfumo wa kusimamia matoleo ndio unaokumbuka nani alibadilisha mstari gani, lini, na kwa nini, na unakuruhusu kurudi nyuma kitu kikiharibika. Kulikuwa na CVS, ikaja Subversion, zikaja Git na Mercurial, na kadhalika. Leo Git imeshinda. Huo ubishi umeisha, na mimi siulilii.

Lakini Git si GitHub. Git ni programu huria. Unaiweka kwenye laptopu yako, haina mwenyewe wa kukufukuza. GitHub ni kampuni inayokuhifadhia kazi yako ya Git kwenye seva zake, na tangu 2018 Microsoft walipotangaza kuinunua kwa dola bilioni 7.5, ni mali ya Microsoft. Kuchanganya hivyo viwili ni kama kudhani barua pepe ilibuniwa na Gmail. Na nimeona madevelopa wazima, watu wako na kazi na mshahara, wakisema "mradi umehamia Git" wakimaanisha umehamia GitHub. Hapo ndipo mnapoibiwa mchana.

Ajabu ni kwamba Git yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya landilodi.

Mwaka wa 2002, Linus Torvalds, jamaa wa Linux, alianza kutumia BitKeeper kusimamia msimbo wa kernel. BitKeeper haikuwa huria. Ilikuwa ya kampuni inaitwa BitMover, ya Larry McVoy, na wakawapa watu wa Linux ruhusa ya kuitumia bure, lakini kwa masharti. Sharti moja: ukitumia hiyo ya bure, usijihusishe na kutengeneza chombo kinachoshindana nayo. Soma hilo sharti tena. Kuna watu walipiga kelele mapema, Richard Stallman akiwa mmoja wao, wakaonekana ni wale wazee wa kulalamika. Chombo kilikuwa kizuri bana, kazi ilikuwa inasonga, nani ana muda wa siasa?

Ikafika 2005. Andrew Tridgell, yule wa Samba, akaanza kuchunguza jinsi ya kuongea na seva za BitKeeper bila kutumia programu yao. Baadaye kwenye mkutano wa Linux huko Canberra alionyesha watu siri yake kubwa: unaunganisha na seva, unaandika neno "help", na seva inakujibu kwa orodha ya amri. Ni hayo tu. McVoy akakasirika, ruhusa ya bure ikaondolewa, na mradi mkubwa kuliko yote ya programu huria ukajikuta nje na magodoro barabarani.

Torvalds alianza kuandika Git tarehe 3 Aprili 2005. Kufikia tarehe 7, siku nne baadaye, Git ilikuwa inasimamia msimbo wake yenyewe. Juni mwaka huohuo toleo la kernel 2.6.12 likatoka likiwa chini ya Git. Mercurial nayo ilianza mwezi uleule wa Aprili, kwa sababu ileile. Yaani zile timu mbili ambazo madevelopa wamezipigania miaka na miaka kama Gor na Ingwe, mama yao ni mmoja: kufukuzwa nyumba.

Na angalia vile Git ilijengwa. Kila mtu anayechukua nakala anachukua historia yote, si faili za leo tu. Ukiwa na laptopu yako huna haja ya kuomba seva ruhusa ndio uhifadhi kazi. Kwa Subversion, bila mtandao hukuwa na namna ya kuingiza kazi kwenye historia. Kwa Git, tarehe 25 Juni 2024 wakati intaneti ilizorota hapa kwetu watu wakiwa barabarani, mtu mwenye Git angeendelea kuhifadhi kazi yake, asubuhi hadi jioni, halafu aitume siku ingine. Pia kama bando lako ni la kuhesabu, Git inakubali uchukue kipande kifupi tu cha historia badala ya miaka yote. Historia nzima ya kernel ya Linux ni zaidi ya gigabaiti moja. Mtu wa Fuliza hawezi.

Kwa hivyo wale wazee wa miradi wanaosema vijana wajifunze tu chombo cha zamani, mimi siko upande wao. Nawaheshimu, lakini hapana. Mlango ukiwa na kufuli la ajabu ambalo hakuna kwingine linatumika, wanaobaki nje si wavivu. Ni wale hawana mtu wa kuwaonyesha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilishinda nyumbani, na Git nilijifunza kwa video za watu wa India saa za usiku bando likiwa rahisi. Mercurial ningejifunzia wapi? Nani angenifunza, na ningeitumia wapi kesho yake? Kwa hilo, hamieni Git, tena msichelewe. Hasira yangu iko kwingine.

Chukua Python, lugha ambayo nusu ya vijana mnaonifuata mnaisoma. Python wamehama sana. Walikuwa CVS, wakaenda Subversion 2005. Mwaka wa 2009 wakachagua Mercurial, ambayo sehemu kubwa imeandikwa kwa Python, kwa hivyo ilikuwa kama kuoa kwa jirani, na wakamaliza kuhamia huko Machi 2011. Halafu tarehe 1 Januari 2016, watu wakiwa bado na hangova, Brett Cannon akatangaza uamuzi: Python itahamia Git, na itakaa GitHub. Mpinzani alikuwa GitLab. Sababu alizotoa Cannon, kwa ufupi, ni kwamba GitLab haikuwa na kitu kikubwa cha kuipita GitHub, kwamba wengi walikuwa wameshaizoea GitHub, na kwamba Guido van Rossum mwenyewe, aliyebuni Python, aliipendelea GitHub.

Kuzoea. Hiyo ndiyo sababu. Sisemi ni sababu ya kijinga. Cannon alifanya kazi kubwa sana, na maandalizi yalichukua zaidi ya mwaka: walipanga vile vikagua saini za wachangiaji vitafanya kazi, vile habari za kila badiliko zitaandikwa bila watu kugongana kwenye faili moja, vile namba za zamani za hitilafu zitaunganishwa na mabadiliko mapya. Februari 2017 wakahama, na vitu havikuanguka. Ukitaka somo la kujiandaa kuhama vizuri, ni hilo. Lakini sasa pima: mwaka mzima wa kupanga viti na meza, na suala la mwenye nyumba ni nani likajibiwa kwa "tumeizoea".

Na haikuishia kwa msimbo, haiishiagi. Ripoti za hitilafu za Python zilikuwa kwenye mfumo wao wenyewe kwa zaidi ya miaka 10. Aprili 2022 nazo zikahamia GitHub. Hapo sasa ndio pointi yangu yote, kwa hivyo wacha niiseme polepole.

Msimbo ulio kwenye Git huwezi kunyang'anywa. Microsoft wakiamka kesho na wazimu, watu maelfu wako na nakala kamili kwenye mashine zao, wanaipeleka kwingine kabla ya chai. Lakini mradi si msimbo peke yake. Mradi ni yale mabishano: kwa nini tulikataa wazo hili 2014, nani aligundua ile hitilafu inayotokea kwa simu za bei ya chini tu, mtu gani alipendekeza suluhisho likakataliwa na sababu ikatolewa. Maoni, mapitio, ripoti, kura. Hayo hayako ndani ya Git. Yako kwenye hifadhidata ya landilodi. Ndiyo, anakuruhusu uyatoe kwa mlango wake, kwa kasi anayoamua yeye, kwa umbo analotaka yeye. Siku akibadilisha mlango, utafanya nini?

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwa maoni, "buda, hizi ni stori za jaba, GitHub haiendi popote." Sawa. Google Code nayo haikuwa inaenda popote. Ilikuwa ya Google, kampuni tajiri kiasi hicho! Machi 2015 wakatangaza wanafunga, Januari 2016 ikafungwa. Bitbucket ilianza 2008 kama nyumba ya miradi ya Mercurial, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. 2019 wakatangaza wanaacha Mercurial, na 2020 hazina za Mercurial zikaondolewa. Watu walioipa jina ndio waliofukuzwa. SourceForge, ambayo zamani kila mradi wa maana ulikuwa huko, 2015 ilikamatwa ikifunga matangazo na programu za ziada ndani ya kisakinishi cha GIMP cha Windows, na watu wa GIMP hawakuwa wameomba kitu kama hicho. Zote hizi zilikuwa kubwa. Zote zilikuwa bure. Zote "kila mtu yuko huko".

Na GitHub yenyewe, Julai 2019: madevelopa wa Iran, Syria na Crimea waliamka wakakuta hazina zao za faragha zimefungwa. Hawakuwa wamefanya kosa. Sheria za vikwazo za Marekani zilisema hivyo, na kampuni ya Marekani inafuata sheria za Marekani, ingefanya nini? Januari 2021 ndio GitHub wakatangaza wamepata leseni ya kuwafungulia watu wa Iran. Hesabu hiyo miezi. Kenya haiko kwenye orodha hiyo, leo. Lakini mtu wa Tehran aliyeandika msimbo wake usiku kama mimi, kosa lake lilikuwa kuishi pale tu.

Mimi nachukulia hii kitu kibinafsi na sitajificha. Ukurasa wangu wa kwanza wa video, kwenye mtandao ambao siutaji, ulikuwa na watu elfu kumi na moja. Ulifungwa. Hakuna aliyeniambia sababu, nilijibiwa na roboti mara tatu, kwa Kiingereza kizuri sana, na kila jibu lilikuwa lilelile. Video nilikuwa nazo, ziko kwenye diski hadi leo. Watu ndio sikuwa nao. Maoni yao, maswali yao, wale walikuwa wananiuliza kila Ijumaa, hao hawako kwenye diski. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema "si msimbo tunao?", najua vizuri nini atakosa.

Halafu kuna sisi tusio na digrii. Waajiri wa Nairobi siku hizi wanaomba linki ya GitHub hata kabla ya CV. Kwa mtu kama mimi hiyo ni baraka, sitaidharau: zile miraba ya kijani ndiyo transkripti yangu. Lakini miradi mikubwa yote ikikaa kwa nyumba moja, maana yake mchango wangu wote kwa dunia unategemea akaunti moja kwa kampuni moja. Chuo kikikunyima cheti unaweza kwenda pale ofisini ukae kwa benchi hadi mtu atoke. Hapa benchi iko wapi?

Enyewe kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Kuendesha seva zako ni kazi na ni pesa. Mtu lazima aamke saa tisa usiku diski ikijaa. Watu wa kujitolea wamechoka, na kila saa wanayotumia kwa seva ni saa hawakuandika programu. Ni kweli kabisa. Lakini hebu tusijifanye hakuna aliyeweza. GNOME walihamia GitLab yao wenyewe 2018. Debian nao mwaka huohuo, wakaiita Salsa. KDE wakafuata 2020. FreeBSD walitoka Subversion wakaingia Git mwishoni mwa 2020, seva yao, na kule GitHub wakaweka kioo tu, yaani nakala ya kuangalia. Hawa si mabilionea. Na mwishoni mwa 2025 watu wa lugha ya Zig walifungasha virago kutoka GitHub wakaenda Codeberg, shirika lisilo la faida la Berlin. Kwa hivyo hata ukitaka kupanga, kuna mahali pa kupanga ambapo mwenye nyumba ni chama cha wapangaji.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mozilla, na unanishinda kidogo kwa sababu ulianza kama mfano wa kuwakosoa. Novemba 2023 Mozilla walitangaza kwamba Firefox itaacha Mercurial, ambayo walikuwa nayo tangu enzi za 2007, na kuhamia Git, tena ikae GitHub. Sababu yao: kwa muda mrefu walikuwa wanahudumia watu wa Mercurial na watu wa Git kwa pamoja, na huo ulikuwa mzigo kwa timu zilizonyooshwa tayari. Nilipoona neno GitHub nikaanza kunoa kisu. Halafu nikasoma yaliyobaki. Bugzilla inabaki. Bugzilla ni ya kwao wenyewe, ripoti za hitilafu za Firefox zimekaa humo miaka na mikaka. Mapitio ya msimbo yanabaki kwa Phabricator yao. Maombi ya kuingiza mabadiliko kupitia GitHub, wakasema hawatayapokea kwa wakati huo. Yaani walipeleka kwa landilodi kile tu ambacho hawezi kuwanyang'anya, msimbo, ambao kila mtu ana nakala. Kumbukumbu wakabaki nazo. 2025 msimbo ukahama kweli.

Kuna watu waliowatukana Mozilla kwa hilo, eti wamehama nusu nusu, eti kijana mgeni atachanganyikiwa kwa sababu msimbo uko huku na hitilafu ziko kule. Atachanganyikiwa dakika ishirini. Mimi ningechanganyikiwa dakika ishirini kwa furaha, kuliko nichangie mradi miaka mitano halafu siku moja mazungumzo yangu yote yawe nyuma ya kufuli la mtu.

Kwa hivyo kama uko ndani ya mradi unaojiandaa kuhama, na najua wachache wenu mko, haya ndiyo maswali ninayotaka muulize kwenye kile kikao cha kura, kabla mtu hajasema "tumeizoea". Ripoti za hitilafu zitakaa wapi? Kuna mtu ameshajaribu kuzitoa zote na kuziweka kwingine, si kusema inawezekana, ameshajaribu? Mtu ambaye nchi yake imewekewa vikwazo atachangia vipi? Anwani ya mradi ni jina la kikoa lenu au ni jina la chumba ndani ya ploti ya mtu? Hilo la mwisho ni la bei rahisi kuliko yote na ndilo watu wanasahau. Mkiwa na jina lenu, siku ya kuhama mnabadilisha linakoelekea na hakuna anayepotea. Msipokuwa nalo, kila linki iliyowahi kuandikwa duniani kuhusu mradi wenu inaelekea mlangoni kwa landilodi.

Na nyinyi wa huku, wa laptopu moja na bando la usiku: kazi zenu ziko wapi sasa hivi? GitHub peke yake? Git inakubali rimoti zaidi ya moja, na kuongeza ya pili ni mstari mmoja wa amri. Jumamosi naweka video, dakika nane, nafanya na mradi wangu mwenyewe kutoka GitHub kwenda Codeberg na kwenye flashi ya gigabaiti 16, pamoja na jinsi ya kutoa ripoti na maoni yako yote. Mkiwa na swali andikeni hapa chini, na wale wa "GitHub haiendi popote" njooni pia, mniambie Google Code ilienda wapi.